Tunapima Nini Tunaposema Mtoto Amekua? Hotuba kuhusu Tafiti za Lishe ya Watoto Wanaozaliwa na Uzito Pungufu

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wetu, madaktari, wauguzi, wataalamu wa lishe, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika utafiti,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kitabibu kuhusu lishe na ukuaji wa watoto wanaozaliwa na uzito pungufu. Kwa kuwa eneo hilo ni pana kuliko muda niliopewa, nitajibana kwenye swali moja ambalo kwa maoni yangu limekuwa likijibiwa haraka mno: tunaposema kwamba lishe fulani imemkuza mtoto, tumepima nini, kwa mtoto yupi, na baada ya muda gani?

Nianze na huyo mtoto. Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtoto kuwa na uzito pungufu akizaliwa chini ya gramu 2,500, hata kama mimba ilitimiza wiki zake. Kwa makadirio ya shirika hilo na UNICEF, mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hiyo wapatao milioni 19.8 duniani, yaani takribani mmoja katika kila watoto saba. Mpaka wa gramu 2,500 ni rahisi kuutumia, na ndiyo maana umedumu, lakini kwa mtafiti unaficha jambo kubwa. Chini yake wamo njiti waliozaliwa kabla ya wiki 37, ambao pengine walikuwa wakikua vizuri tumboni hadi siku uchungu ulipoanza mapema. Na wamo waliotimiza miezi yao lakini wakazaliwa wadogo kwa sababu kondo la nyuma halikuwafikishia chakula cha kutosha, au kwa sababu mama alikuwa na shinikizo la damu, malaria au utapiamlo. Wapo pia waliopatwa na yote mawili. Mtoto wa gramu 1,800 aliyezaliwa wiki ya 32 na mwenzake wa gramu 1,800 wa wiki ya 38 watatoa namba moja kwenye mizani, ilhali wa kwanza bado hawezi kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa mfuatano, uwezo ambao kwa kawaida hukaa sawa karibu na wiki ya 34, na wa pili anaweza kunyonya lakini akiba yake ya sukari ni ndogo kiasi kwamba saa chache bila maziwa zinaweza kumshusha vibaya. Utafiti unaowachanganya hawa wawili kisha ukatoa wastani mmoja haujatueleza habari za yeyote kati yao.

Tukimchukua huyo njiti peke yake, tatizo la lishe yake linaweza kuandikwa kwa hesabu fupi. Sehemu kubwa ya kalisi, fosforasi na madini chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huhamia kwake kutoka kwa mama katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kwa hiyo yeye ameondoka kabla ya kupakiwa akiba hiyo. Protini anayoihitaji, akiwa amezaliwa chini ya gramu 1,500, ni takribani gramu 3.5 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Maziwa ya mama yakishakomaa yana protini ya gramu 1 hivi katika kila mililita 100. Mpe mililita 160 kwa kilo kwa siku, kiasi ambacho kwa tumbo lake ni kikubwa, na bado amepata gramu 1.6, ambazo hazifiki hata nusu ya mahitaji yake.

Anayesikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hukimbilia kusema kwamba basi maziwa ya mama hayafai kwa njiti. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole walichapisha nchini Uingereza matokeo ya ufuatiliaji wa njiti 926, na wakaonyesha kwamba NEC, ule ugonjwa ambao ukuta wa utumbo huvimba na kufa, uliwapata waliolishwa maziwa ya kopo pekee mara sita hadi kumi zaidi ya waliopata maziwa ya mama pekee. Mvutano wote wa fani yetu umo humo: chakula kinachoulinda utumbo hakitoshelezi mahitaji ya ujenzi wa mwili, na chakula kinachotosheleza kwenye karatasi kinaweza kuuhatarisha utumbo wenyewe. Viongeza vya virutubishi vinavyochanganywa katika maziwa ya mama vilibuniwa ili kuuziba mwanya huo, na tafiti nyingi za miongo mitatu iliyopita zimekuwa zikiuliza viongezwe kiasi gani, lini, na kwa mtoto yupi.

Sasa tazameni jinsi jibu linavyobadilika kulingana na kipimo kilichochaguliwa. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa watoto 483 waliozaliwa wadogo sana, ambao mama zao hawakuweza kutoa maziwa ya kutosha. Kwa bahati nasibu, nusu walijaziwa maziwa yaliyotolewa na mama wengine na kupashwa moto kuua vijidudu, na nusu wakajaziwa maziwa ya kopo ya njiti. Waliopata maziwa ya kopo waliongezeka uzito haraka zaidi. NEC iliwapata asilimia 9.0 yao, dhidi ya asilimia 4.2 ya wale waliopewa maziwa ya mama wengine. Walipochunguzwa wakiwa na umri wa karibu miaka miwili, ukuaji wa akili wa makundi hayo haukutofautiana. Kama watafiti wangeishia kwenye gramu kwa siku, maziwa ya kopo yangetangazwa mshindi bila mjadala, na kama wangeishia kwenye NEC, yangeshindwa bila mjadala. Kwa kuwa walipima yote na wakasubiri, daktari anayesoma matokeo hayo leo anaweza kumweleza mzazi hali halisi ilivyo, pamoja na sehemu zake zisizopendeza.

Naomba nikae kidogo kwenye uzito, kwa sababu ndio kipimo tunachokiabudu. Mwaka 2006 Richard Ehrenkranz na wenzake nchini Marekani waliwagawa watoto waliozaliwa na gramu 501 hadi 1,000 katika makundi manne kwa kasi ya kuongezeka uzito wodini, kutoka gramu 12 hadi gramu 21 hivi kwa kilo kwa siku. Kadiri kasi ilivyopanda, ndivyo mtindio wa ubongo na upungufu wa akili vilivyopungua baadaye. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba tukiwalisha zaidi tutawaokoa akili. Lakini huo haukuwa utafiti wa kugawa lishe kwa bahati nasibu, ulikuwa ufuatiliaji. Mtoto aliyepata maambukizi ya damu mara mbili na kukaa kwenye mashine ya kupumulia kwa wiki kadhaa huongezeka polepole, na mtoto huyo huyo ana hatari kubwa ya kuumia ubongo. Huenda lishe ilikuwa chanzo, huenda ugonjwa ndio ulioburuta vyote viwili. Watafiti wenyewe walijitahidi kurekebisha takwimu zao kwa kuzingatia hali za watoto; waliowanukuu, mara nyingi, hawakujitaabisha kiasi hicho.

Na historia inatuonya pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1960, hospitali nyingi zilikuwa zikiwanyima njiti maziwa kwa siku nzima au zaidi baada ya kuzaliwa, kwa hofu kwamba yataingia mapafuni. Hofu ilikuwa na mantiki yake, lakini watoto walishuka sukari na kuharibika kwa njaa. Upande wa pili, majaribio ya miaka ya 1960 yaliyowapa njiti maziwa yenye protini maradufu yalikuja kuonyesha, watoto walipofikia umri wa kwenda shule, makengeza zaidi na alama za chini za akili kwa waliozaliwa wadogo kabisa. Mtu angedhani somo hilo limekwisha kueleweka, ila mwaka 2022 jaribio la New Zealand na Australia kwa watoto 434 waliozaliwa chini ya gramu 1,000 liliwaongezea nusu yao amino asidi, yaani viungo vinavyojenga protini, kupitia mshipa katika siku tano za kwanza, na halikupata nafuu yoyote katika idadi ya waliofikia miaka miwili wakiwa hai bila ulemavu.

Kuhusu kasi ya kuongeza maziwa nitapita haraka, kwa kuwa swali hilo limejibiwa vizuri. Jaribio la SIFT, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watoto 2,804 wa Uingereza na Ireland, lililinganisha kuongeza mililita 30 kwa kilo kila siku na kuongeza mililita 18. Hakukuwa na tofauti ya maana katika NEC, katika maambukizi, wala katika ukuaji wa akili kwenye miaka miwili. Waliopandishwa haraka walifikia kiasi kamili cha maziwa baada ya siku 7 badala ya 10. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inaruhusu kupandisha hadi hizo mililita 30. Wanafunzi wanaopanga kurudia swali hilo hilo watafute lingine.

Nirudi kwenye mizani, kwa maana hapo ndipo tafiti nyingi nzuri huharibikia kimya kimya. Mtoto wa gramu 1,500 anayekua kwa gramu 15 kwa kilo kwa siku anatakiwa kuongezeka gramu 22 na nusu tangu leo asubuhi hadi kesho asubuhi. Mizani inayosoma kwa hatua za gramu 50 haiwezi kuiona siku hiyo kabisa. Nepi iliyolowa inaweza kuwa na uzito zaidi ya hizo gramu. Kadhalika kibao na bendeji za kushikilia kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, mkononi, kofia ya sufi, au tofauti kati ya kupimwa kabla ya kulishwa na baada ya kulishwa. Muuguzi wa zamu ya usiku anayempima mtoto akiwa na kibao na mwenzake wa zamu ya mchana anayempima akiwa hana wameandika punguzo la uzito ambalo halijawahi kutokea, na daktari wa raundi ataongeza maziwa, au atayasimamisha, kwa sababu ya bendeji. Itifaki ya utafiti isiyosema mtoto apimwe saa ngapi, akiwa amevaa nini, kwa mizani ipi na iliyohakikiwa lini, haijaandikwa bado, hata kama ina kurasa mia.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa karatasi. Karibu watoto wote hupungua uzito siku za mwanzo, hasa kwa kupoteza maji, na wadogo huchukua hadi wiki mbili hivi kuurudia uzito wa kuzaliwa. Chukueni mtoto wa kufikirika aliyezaliwa na gramu 1,500, akashuka hadi gramu 1,380 siku ya nne, na siku ya ishirini na moja akawa na gramu 1,700. Mtafiti anayeanza kuhesabu tangu kuzaliwa atasema ameongezeka gramu 9.5 kwa siku. Anayeanzia siku aliposhuka chini kabisa atasema karibu gramu 19. Mtoto ni yule yule na mizani ni ile ile, ila mmoja ataripoti ukuaji duni na mwingine ukuaji wa kuridhisha, na wote wawili watakuwa wakweli. Ninaposoma makala ambayo haisemi ilianzia wapi kuhesabu, huwa siendelei na jedwali linalofuata.

Urefu na mzingo wa kichwa vinasumbua zaidi, na kwa hiyo hupimwa kidogo, ingawa ndivyo vinavyotuambia kama kilichoongezeka ni mwili wa kweli au ni mafuta na maji tu. Njiti anayekua vizuri hurefuka kwa sentimita 1 hivi kwa wiki. Akipimwa kwa utepe juu ya godoro na mtu mmoja, huku miguu imekunjika, kosa la sentimita moja ni la kawaida, yaani wiki nzima ya ukuaji imepotea au imebuniwa. Panatakiwa kibao cha kupimia na watu wawili, mmoja akishika kichwa na mwingine akinyoosha miguu. Najua ni vigumu kuwapata watu wawili katika wodi iliyozidiwa; lakini gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, badala ya kujulikana wakati wa kuchambua takwimu.

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na uzito. David Barker na wenzake, mwaka 1989, walifuatilia kumbukumbu za wanaume waliozaliwa Hertfordshire, Uingereza, kati ya mwaka 1911 na 1930, wakakuta vifo vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vingi zaidi kwa waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipofikisha mwaka mmoja. Tangu hapo tafiti nyingine zimeeleza wasiwasi kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo kisha akanenepeshwa kwa kasi anaweza kulipia ukubwani kwa kisukari na shinikizo la damu. Kwa njiti mdogo sana, ambaye ubongo wake unajengwa wiki hizi hizi, nakubaliana na wanaosema ubongo kwanza. Kwa mtoto aliyetimiza miezi na kuzaliwa na gramu 2,300, sioni ushahidi unaotupa ruhusa ya kumlimbikizia maziwa ya kopo ili tu mstari wake upande kwenye chati.

Huyo wa gramu 2,300 ndiye aliyesahauliwa zaidi, kwa kuwa haonekani mgonjwa. Nchini Uswidi, Staffan Berglund na wenzake waliwachukua watoto 285 waliozaliwa kati ya gramu 2,000 na 2,500, watoto ambao hospitali nyingi huwaruhusu kwenda nyumbani bila maelezo ya ziada, wakawagawa kupata madini chuma miligramu 2 kwa kilo kwa siku, miligramu 1, au dawa isiyo na kitu ndani, kuanzia wiki ya sita hadi mwezi wa sita. Kufikia miezi sita, upungufu wa madini chuma ulikuwa asilimia 36 kwa wasiopewa, asilimia 8 kwa waliopewa miligramu 1, na asilimia 4 kwa waliopewa miligramu 2. Ukuaji wao wa mwili haukutofautiana. Walipofika miaka mitatu na nusu, alama za akili zilikuwa sawa, lakini matatizo ya tabia yaliyovuka kiwango cha kutia wasiwasi yalionekana kwa asilimia 12.7 ya wasiopewa, dhidi ya asilimia 3 hivi katika makundi mengine mawili. Uzito na urefu visingetuambia chochote kuhusu jambo hilo, na aliyewafuata watoto mpaka mwezi wa sita tu asingejua kwamba tabia zao zingekuja kutofautiana.

Jaribio la vitamini D lililofanyika Delhi linaonyesha kinyume chake. Watoto 2,079 waliotimiza miezi lakini wakazaliwa na uzito pungufu walipewa vitamini D kila wiki, au dawa isiyo na kitu ndani, hadi miezi sita. Vifo na kulazwa hospitali havikupungua, ila waliopewa walirefuka zaidi kidogo. Walipotafutwa tena wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi sita, faida hiyo ya kimo haikuonekana. Nawapongeza watafiti waliorudi kuwatafuta, kwa sababu kuna tafiti nyingi ambazo hazikurudi, na faida zake bado zinatajwa kana kwamba zipo.

Sitaweza kuzungumzia lishe bila kutaja mama alipo. Jaribio lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, liliwahusisha watoto 3,211 wenye gramu 1,000 hadi 1,799. Nusu walianza kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi mara baada ya kuzaliwa, mama akikaa na mtoto wake ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Wengine walisubiri hadi hali itulie. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7, na jaribio likasitishwa mapema kwa ushauri wa bodi inayosimamia usalama. Jaribio halikuundwa kututenganishia ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na joto, na kiasi gani kilitokana na maziwa au na macho ya mama yanayoona mabadiliko kabla ya mashine. Mimi nimelichukua kama onyo kwa wanaopima lishe: mama aliyeko jengo lingine anakamua maziwa kidogo na kwa kuchelewa, na kirutubisho chochote kinachojaribiwa katika hali hiyo kinalinganishwa na huduma mbovu.

Hilo linanifikisha kwenye swali ambalo ningependa baadhi yenu mlichukue. Miongozo ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 haipendekezi viongeza vya virutubishi kwa kila mtoto; inasema vinaweza kufikiriwa kwa njiti wa chini ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500. Kwa wale wa gramu 1,500 hadi 2,499, ambao ndio wengi kabisa, ushahidi ni haba. Ufuatiliaji uliofanyika India, Malawi na Tanzania kwa watoto wa uzito huo ulikuta wengi wakifika wiki ya pili bila kuurudia uzito wa kuzaliwa, na wengi wakiwa wamedumaa kwenye miezi sita. Ni halali kuuliza kama kiongeza kingewasaidia. Lakini kundi linganishi katika jaribio hilo lisiwe mama aliyeachwa ajifunze kukamua mwenyewe. Awe amepata muuguzi wa kumwonyesha namna ya kukamua kwa mkono tangu saa za kwanza, kikombe safi, mahali pa kulala karibu na mtoto, na mtu wa kumpigia akirudi nyumbani. Ridhaa yake isiombwe wakati damu ya uzazi haijakauka. Pale itakapowezekana aelezwe kabla ya kujifungua, na aulizwe tena baada ya siku chache. Na ikiwa lengo ni kupunguza NEC kutoka asilimia 5 hadi 2.5, hesabu ya kawaida itadai watoto karibu 1,800, idadi ambayo hospitali moja haiwezi kuipata kwa muda unaoeleweka, kwa hiyo anzeni kutafutana sasa. Rasimu zenu tutazipitia katika kikao cha mchana, nami nitaanzia kwenye ukurasa wa vipimo.

Asanteni.